Mlango Haufanani na Fenda

Ukimpelekea fundi wa rangi wa Nairobi gari lililogongwa, awe yuko Kirinyaga Road katikati ya jiji au Kawangware huku magharibi, jambo la kwanza atakalohesabu ni paneli. Fenda moja, mlango mmoja, bampa moja. Bei hutajwa kwa paneli, na mteja naye huomba apunguziwe kwa paneli. Hesabu hiyo ni rahisi, kila mtu anaielewa, na kwa kazi ya kunyoosha bati inafaa kabisa. Kwa rangi haifai. Ndiyo inayotuletea magari tunayoyaona kila jioni kwenye foleni ya Waiyaki Way: fenda ina kijivu chake, mlango una kijivu chake, na bampa haifanani na chochote.

Watu wengi huligeuza tatizo hili kuwa ubishi wa kompyuta na jicho. Mwenye gari hulalamika kwamba fundi alikadiria tu badala ya kuchanganyiwa rangi kwa mashine. Fundi mkongwe naye husema mashine ndiyo iliyomharibia kazi, na kwamba enzi zake alikuwa akitia tone la nyeusi na tone la njano mpaka rangi ikubali. Kila upande una ukweli wake kiasi. Lakini ukiifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua, utaona kwamba rangi nyingi zinazokataa kulingana hapa Nairobi hazikuharibikia dukani. Zimeharibikia ukingoni mwa paneli, kwa sababu bei iliyokubaliwa haikuacha nafasi ya hatua mbili zinazoamua kila kitu: kadi ya majaribio, na kufifisha rangi hadi kwenye paneli ya jirani.

Tuanze na namba, maana hapo ndipo imani ya wengi ilipo. Kila gari hutoka kiwandani na namba ya rangi. Kwenye Toyota huwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, au kwenye kibati kilicho chini ya boneti upande wa kioo, pale palipoandikwa C/TR. Kinachotangulia mkwaju ni rangi ya bodi. Kinachofuata ni mapambo ya ndani. Mtu akiipata namba hiyo hujiona amemaliza kazi. Kwa hakika ameianza tu.

Chukua nyeupe. Nairobi tunasema "gari jeupe" na kuelewana, lakini kwenye barabara moja kuna nyeupe tatu za Toyota zisizohusiana. 058 ndiyo ya magari ya kazi, Probox na Hiace. 040 ndiyo ya magari mengi madogo ya nyumbani. 070 ndiyo ile ya lulu, inayopendwa kwenye Harrier na Crown. Mbili za kwanza ni rangi tupu: unapaka, unafunika, basi. Ya tatu ina tabaka tatu: kwanza nyeupe ya chini, kisha tabaka jembamba lenye chembe za maika zinazometa, kisha klia ya kung'arisha. Tabaka la katikati ndilo mtihani. Ukilipuliza mara mbili unapata rangi moja, ukilipuliza mara nne unapata nyingine, ilhali rangi imetoka kwenye mkebe ule ule, kwa namba ile ile na kwa mkono ule ule. Hakuna kompyuta ya dukani inayoweza kukwambia kiwandani walipuliza tabaka la unene gani kwenye gari lako. Njia ni moja tu, kupuliza vipande kadhaa vya majaribio, kimoja mara mbili, kingine mara tatu, kingine mara nne, kuvipaka klia vyote, kisha kuviweka juu ya gari na kuchagua.

Zaidi ya hapo, namba moja ina watoto. Rangi ile ile ikipakwa katika viwanda viwili, au katika miaka miwili tofauti, au kwa pigmenti za msambazaji mwingine, hutoka na tofauti ndogo. Kampuni kubwa za rangi za kutengeneza magari zinalijua hili, ndiyo maana kwenye vitabu vyao vya sampuli namba moja inaweza kuwa na vipande kadhaa: kimoja kimeegemea bluu kidogo, kingine njano, kingine ni cheusi zaidi. Mchanganyaji akiandika namba kwenye kompyuta na kuchukua fomula ya kwanza inayojitokeza, amechagua mtoto mmoja bila kumwona mwenzake.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi kuliko wengi. Magari yetu mengi yalishaishi maisha mengine Japani kabla ya kufika hapa, kwani sheria ya Kenya inaruhusu gari kuukuu liingie mradi halijapita miaka minane. Karatasi ya mnada ya Japani huonyesha hali ya kila sehemu ya bodi kwa alama: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyokwisha kutengenezwa, XX ni paneli iliyobadilishwa. Mnunuzi wa Nairobi hutazama gredi na kilomita, akazipita W bila kuzisoma. Miaka kadhaa baadaye anagongwa Dagoretti Corner, na fundi anajaribu kulinganisha rangi na mlango ambao rangi yake si ya kiwandani tena. Namba iliyo kwenye nguzo ni ya kweli, lakini mlango wenyewe una rangi iliyochanganywa kwenye gereji ya huko. Kifaa cha kupima unene wa rangi hufichua siri hiyo mara moja: rangi ya kiwandani kwa kawaida ni takriban mikroni 90 hadi 150, na paneli iliyorudiwa huzidi hapo, hasa ikiwa chini yake kuna fila.

Kisha kuna jua letu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ikweta iko karibu sana kaskazini yake, kwa hiyo mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita utosini. Boneti na paa hupigwa na jua hilo moja kwa moja, milango huliona kwa ubavu tu. Gari linaloegeshwa nje mchana kutwa, miaka mingi, huwa na rangi mbili hata kama halijawahi kugongwa. Nyekundu hulionyesha hili mapema kuliko zote. Hii ndiyo sababu sina imani kubwa na ile desturi ya kung'oa kifuniko cha tangi la mafuta na kumpa mtu wa boda akipeleke Kirinyaga Road kiwe sampuli. Kifuniko ni sampuli nzuri ya kutengeneza fenda ya nyuma iliyo kando yake. Kwa boneti, ni sampuli ya gari jingine. Na hata hicho kinachofaa lazima kisuguliwe kwa kompaundi kwanza, maana vumbi na klia iliyofifia hukidanganya kioo cha mashine ya kusoma rangi jinsi vinavyolidanganya jicho.

Tusidhani kwamba anayeshindwa na jua ni fundi wa jua kali peke yake. Toyota yenyewe ilitangaza Marekani, na baadaye Australia, mpango wa kupaka upya bila malipo baadhi ya magari ya 040 na 070 yaliyokuwa yakibabuka, kwa sababu mwanga wa jua ulidhoofisha mshiko kati ya chuma na tabaka la kwanza la rangi. Kiwanda chenye roboti na tanuri za takriban digrii 140 kilishindwa na jua. Fundi wa Kawangware, anayekausha kazi yake kwa jua hilo hilo, anastahili heshima kidogo kabla ya lawama.

Sasa twende dukani. Kirinyaga Road iliitwa Grogan Road wakati wa ukoloni, kwa jina la mlowezi Ewart Grogan, na wenye gereji na maduka ya vipuri bado huliita eneo zima Grogan. Ndani ya duka la rangi kuna rafu ya mikebe yenye vifuniko vya kukorogea, kompyuta yenye fomula, na mizani. Mizani ndiyo ya kutazama. Nyingi za aina hiyo husoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Mchanganyaji huweka kopo tupu, anarudisha sifuri, anamimina metali, anatazama tarakimu, anamimina nyeusi polepole, kisha anafika kwenye kitu kama bluu au zambarau inayotakiwa kwa uchache sana, na hapo hukaza kiwiko na kuachia matone.

Tuseme fomula ya lita moja inahitaji gramu tatu za bluu hiyo. Akikosea kwa sehemu ya kumi ya gramu, amekosea kwa sehemu moja ya thelathini, na jicho huenda lisione. Lakini mteja wa paneli moja hanunui lita. Ananunua mililita 100, na fomula sasa inadai bluu ya gramu 0.3. Kosa lile lile dogo limekuwa theluthi nzima. Kwa hiyo kadiri mteja anavyobana kiasi cha rangi, ndivyo anavyoiondolea mashine usahihi aliokuwa akiulilia. Hili hulisikii likisemwa kwenye kaunta, na linapaswa kusemwa kila siku. Afadhali nusu lita yenye akiba ya kubaki kwenye chupa kuliko kikopo kinachoisha kabla ya pasi ya mwisho.

Zipo pia mashine za kusoma rangi, zinazobanwa juu ya bodi na kupiga mwanga kutoka pembe kadhaa. Ni vifaa vizuri mno na ningependa kila duka liwe navyo. Husaidia hasa kuchagua ni mtoto yupi wa namba ile aliye karibu na gari lako. Haziwezi kuona mkono utakaopuliza.

Mkono huo ndio unaoamua rangi za metaliki, na fedha kama 1F7 ya Toyota ndiyo mfano wake mgumu kuliko yote. Ndani ya rangi hiyo mna chembe bapa za alumini. Rangi ikipulizwa nyevunyevu, kwa tabaka zito au kwa thina inayokauka polepole, chembe huzama na rangi huonekana nyeusi zaidi ukiitazama uso kwa uso. Ikipulizwa kavu, kwa mbali au kwa upepo mwingi, chembe hubaki juu na rangi hung'aa nyeupe. Mkebe mmoja unaweza kutoa vijivu viwili kwa fundi mmoja asubuhi na alasiri. Asubuhi ya Julai yenye mawingu Nairobi si sawa na mchana wa Januari: kwenye baridi rangi huchelewa kukauka, chembe zinazama, fenda inatoka nyeusi. Fundi mzuri hubadilisha thina na upepo wa kompresa kufuatana na hali ya hewa. Fundi aliyelipwa kwa paneli, akiwa na magari mengine yanayongoja nje, hutumia thina iliyopo.

Na mwanga? Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya mrija wa dukani na kuachana mara tu gari linapotoka nje, kwa sababu zimetengenezwa kwa pigmenti tofauti na kila mwanga huziamsha kwa namna yake. Ulinganishaji wa kweli hufanywa nje, kwenye kivuli chenye mwanga wa mchana, na kwa pembe tatu: uso kwa uso, kwa mshazari, na kwa kuinama karibu usawa wa bati. Fedha inayokubali uso kwa uso na kukataa ubavuni haijakubali.

Kadi ya majaribio hujibu mengi ya haya kwa gharama ndogo. Ni kipande cha bati au kadi ngumu kinachopulizwa kwa rangi ile ile, bunduki ile ile ya rangi, thina na upepo ule ule, kikapakwa klia, kikakauka, kikawekwa juu ya gari. Kisipokubali, rangi inarekebishwa kabla ya kugusa gari. Klia ni lazima, maana rangi ya chini ikiwa kavu bila klia huonekana tofauti kabisa na itakavyokuwa. Mafundi wengi hupuliza kidogo kwenye kifuniko cha mkebe, wakaitazama ikiwa mbichi, wakasema iko sawa. Hapo ndipo jicho la fundi mkongwe lilipo na thamani halisi, kwa sababu amejifunza kukisia itakavyokauka. Lakini kukisia bado ni kukisia.

Hata kadi ikikubali, nafikiri kazi ya metaliki au lulu inayoishia kwenye ukingo wa paneli ni kazi nusu. Jicho la mtu ni kali sana kwenye mstari na ni zembe sana kwenye mteremko. Weka vijivu viwili vinavyokaribiana sana ubavu kwa ubavu, mpaka ukiwa ule ufa ulionyooka kati ya fenda na mlango, na mpita njia ataiona tofauti. Fanya kijivu kimoja kigeuke kingine taratibu katika upana wa mlango mzima, na hata aliyekipaka atasumbuka kukitafuta. Kufifisha ni kuitumia tabia hiyo ya jicho. Fenda iliyogongwa hupakwa rangi yote. Mlango wa mbele, ambao haukuguswa na ajali, husuguliwa kwa msasa laini ili klia mpya ishike, kisha fundi hupuliza rangi kuanzia ukingo wa fenda na kuipunguza kila pasi, mpaka inatoweka kabla ya kufika kwenye kitasa. Halafu mlango wote hupakwa klia, kutoka ukingo hadi ukingo.

Hapa ndipo mteja wa Nairobi hushtuka. Mlango wangu ulikuwa mzima, kwa nini unaugusa? Kwa nini nilipie paneli mbili wakati imegongwa moja? Swali ni la haki kwa mtu aliyefundishwa kuhesabu paneli. Fundi, akiogopa kumpoteza mteja kwa jirani yake mwenye bei ya chini, hukubali kupaka moja. Au huchukua njia ya katikati iliyo mbaya kuliko zote: anaififisha klia yenyewe katikati ya paneli na kuilainisha kwa thina. Siku ya kuchukua gari inapendeza. Baada ya jua la misimu michache, mstari wa klia hujitokeza, unaanza kubabuka.

Mvutano huu si wetu peke yetu. Marekani, makadirio ya bima kwa miaka mingi yalichukulia kwamba kufifisha paneli ya jirani ni nusu ya kazi ya kuipaka nzima. Mwaka 2022, chama cha mafundi cha Society of Collision Repair Specialists kilichapisha utafiti wa kupima muda halisi, na ukaonyesha kinyume: kwa wastani kufifisha kulichukua karibu theluthi moja ya muda zaidi kuliko kupaka paneli mpya nzima. Utafiti huo ulifanyika mahali penye vyumba vya rangi na tanuri, na bado ukatoa jibu hilo. Kwa hiyo fundi wa Nairobi anayefifisha mlango bila malipo anatoa msaada, na anayekataa kuufifisha bila malipo hana kosa.

Sisemi kila kazi idai haya yote. Probox ya 058 inayobeba maziwa kutoka Kinoo inaweza kupakwa paneli moja kwa rangi tupu iliyolinganishwa vizuri na hakuna atakayeona. Matatu zinazochorwa upya hazina shida hii hata kidogo. Bampa nazo ni kesi yao: ni za plastiki, mara nyingi hazipakwi pamoja na bodi, na tofauti ndogo kati ya bampa na fenda ipo hata kwenye magari mapya. Anayedai bampa ifanane na fenda kuliko ilivyokuwa kiwandani anamwonea fundi. Wapo pia wanaokwepa rangi kabisa kwa kununua mlango au fenda iliyotumika kutoka Japani, yenye namba ile ile. Ni wazo zuri pale umri wa magari mawili unapokaribiana; linganisha kwanza nje, kisha toa pesa.

Kinachonikera zaidi katika bei ya paneli ni pesa inayokosekana kwa mambo ambayo mteja hayaoni. Klia na rangi za kisasa za kuchanganywa na hadina zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mpulizaji pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke huo hata kidogo. Barakoa ya kemikali yenye vichujio vinavyobadilishwa, na kwa kazi ya kila siku hewa safi ya bomba, ndiyo kinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, lakini kibanda cha mabati chenye mwenyewe na vijana wawili huwa mbali na macho ya mkaguzi. Tukipigania shilingi kwenye paneli, barakoa ndiyo ya kwanza kuachwa, kadi ya majaribio inafuata, na mlango wa jirani ndio wa mwisho kukumbukwa.

Kuna tahadhari moja ya kisheria. Wapo wanaochoshwa na viraka vya rangi wakaamua kubadilisha gari zima kuwa rangi nyingine. Rangi imeandikwa kwenye logbook, na mabadiliko hayo lazima yapelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Usipofanya hivyo, utajieleza siku utakaposimamishwa barabarani au utakapotaka kuliuza.

Nawaomba wenye gereji wa Grogan, Kawangware na Ngong Road waandike bei upya. Badala ya "paneli moja", karatasi iwe na mistari inayojitegemea: kunyoosha na kupaka fenda, kufifisha mlango, kadi ya majaribio, rangi na klia. Mteja akitaka kufuta mstari, aufute akijua anachofuta, na asirudi kudai kilichofutwa. Nawe mwenye gari, kabla ya kuuliza bei ni ngapi, uliza kama rangi yako ni tupu, metaliki au lulu. Kama ni metaliki au lulu, lipia paneli ya jirani. Omba uone kadi ikiwa imepakwa klia, uitazame nje, si chini ya taa. Kazi ikiisha, mwombe mchanganyaji akuandikie fomula aliyoitumia pamoja na marekebisho yake, uihifadhi ndani ya gari pamoja na kadi yenyewe. Fundi atakayefuata atakuwa na mahali pa kuanzia palipo bora kuliko namba ya kwenye nguzo ya mlango.